Nguo za 2026: rangi nyeupe ya Guangzhou itapata wanunuzi Butembo?

Kisha sikukuu za Noeli na Bonane, wafanyabiashara wa nguo wa Butembo, Bunia na Lubumbashi wanahesabu pesa iliyobaki na kujiuliza swali lile lile: tununue nini safari hii? Mwaka huu jibu linaombwa haraka. Mwaka mpya wa Wachina unaanguka tarehe 17 mwezi wa pili 2026. Viwanda vingi vya nguo vya China hufunga milango siku nyingi mbele ya tarehe hiyo, na wafanyakazi hawarudi wote mara moja. Mwenye kuchelewa kutuma komande yake anaweza kuona Paska ya tarehe 5 mwezi wa ine ikipita, mzigo wake ukiwa bado baharini.

Mahali ambapo wengi wanatazama mitindo mipya ni maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yanayojulikana kama Canton Fair. Yalianza mwaka 1957, na hufanyika mara mbili kwa mwaka. Kila mara yanagawanywa katika sehemu tatu, na nguo, vitambaa, viatu na mifuko huonyeshwa katika sehemu ya tatu. Maonyesho ya 138 yalimalizika tarehe 4 mwezi wa kumi na moja 2025. Ni hapo, na katika masoko ya jumla ya mji huo kama Baima kwa nguo na Zhongda kwa vitambaa, ndipo sehemu kubwa ya nguo mpya zinazouzwa mashariki mwa Kongo inapoanzia safari yake.

Rangi gani zinakuja?

Rangi ya kwanza ni nyeupe. Mwezi wa kumi na mbili 2025, kampuni ya Marekani Pantone, ambayo kila mwaka hutangaza rangi ya mwaka, ilichagua nyeupe laini inayoitwa Cloud Dancer kwa ajili ya 2026. Ni mara ya kwanza kampuni hiyo kuchagua nyeupe. Kwa 2025 ilikuwa imechagua rangi ya kahawia, na kahawia hiyo ingali katika maduka.

Rangi ya pili iko kati ya kijani na buluu, karibu na maji ya Ziwa Kivu wakati jua linawaka. Kampuni za WGSN na Coloro, ambazo viwanda vingi hununua ushauri wao, ziliitangaza kuwa rangi ya 2026 na kuipa jina la Transformative Teal. Pembeni ya hizo mbili kuna njano ya siagi iliyotembea sana mwaka 2025. Kuna pia rangi kali, kama nyekundu, njano na buluu, zilizoonekana katika maonyesho ya mitindo ya Paris mwezi wa tisa na wa kumi mwaka jana.

Kwa upande wa mishono, patalo zenye kubana miguu zinaendelea kurudi nyuma. Patalo na jinzi pana ndizo zinazoongoza, kwa wanaume na kwa wanawake. Dantela na nguo za madoadoa navyo havijatoka sokoni.

Nani anaamua?

Rangi hizi hazianguki toka mbinguni. Mwenye kiwanda cha uzi anapaswa kujua rangi ya kutia mbele ya mwenye kiwanda cha kitambaa, na huyu mbele ya mshonaji. Ndiyo maana kazi ya kuchagua huanza karibu miaka miwili mbele ya nguo kufika dukani. Kule Ufaransa, maonyesho ya vitambaa ya Première Vision, yaliyoanzishwa na wafumaji wa Lyon mwaka 1973, huonyesha mwezi wa pili vitambaa vya majira ya joto ya mwaka unaofuata. Mwezi wa tisa huonyesha vya majira ya baridi.

Mfanyabiashara wa kwetu anaingia mwisho kabisa wa mnyororo huo. Anapofika Guangzhou, rangi zimekwisha kuamuliwa, na vitambaa vimekwisha kutiwa rangi. Kile kinachobaki mikononi mwake ni kuchagua ndani ya kilichochaguliwa. Akikosea, hasara ni yake peke yake, na mara nyingi ni ya ndugu na marafiki waliomkopesha pia.

Kuna shida nyingine. Majira ya viwanda si majira yetu. Huko wanasema joto na baridi. Huku soko la nguo linafuata kalenda ya sikukuu na ya shule. Kuna tarehe 8 mwezi wa tatu kwa wamama, kuna Paska, komunyo ya kwanza na ndoa za likizo kubwa, kuna mwanzo wa masomo mwezi wa tisa, halafu Noeli na Bonane. Koti zito linalouzwa Ulaya kwa ajili ya theluji linaweza kupata mnunuzi Butembo ao Lubero, kwenye milima ambako asubuhi kunakuwa baridi, lakini Uvira na Kalemie litaozea dukani.

Nyeupe katika miji ya vumbi

Je, nyeupe itatembea? Sababu ya kuiogopa inajulikana. Butembo ina vumbi jekundu wakati wa jua na matope wakati wa mvua. Goma ina vumbi jeusi la volkeno. Mtu anayepanda pikipiki kila siku hawezi kuvaa patalo nyeupe mara mbili bila kuifua.

Lakini nyeupe ina soko lake la kudumu kwetu, hata bila Pantone. Ni rangi ya bibi arusi, ya ubatizo na ya komunyo. Wakimbanguisti huivaa pamoja na kijani. Na wanafunzi wa Kongo nzima huvaa shati nyeupe juu ya patalo ao jipe ya buluu. Kwa hiyo mwenye akili ya biashara anaweza kuchukua nyeupe kwa nguo za sherehe, mashati na blauzi, na kuiacha kwa patalo na koti za kila siku. Nyeupe isipouzwa mwezi wa ine, shati linaweza kungoja mwezi wa tisa. Njano ya siagi haina mlango wa pili kama huo.

Vikwembe vina sheria yao

Kwa vikwembe, wanaoamua ni wanunuzi zaidi kuliko maonyesho. Vlisco, kiwanda cha Helmond huko Uholanzi kilichoanzishwa mwaka 1846, kinatengeneza wax ambayo wamama wa Afrika wenyewe ndio waliipa majina. Michoro mingine imeuzwa kwa miaka makumi kwa sababu tu ya jina lake, kama ule wa ndege anayetoka kizimbani, unaoitwa kwa Kifaransa « Si tu sors, je sors ».

Leo wax nyingi sokoni zinatoka China, na bei yake iko mbali sana na ile ya Uholanzi. Mama mwenye pesa kidogo anapata pisi ya yadi 6, yaani vikwembe vitatu, na anavaa vizuri siku ya sherehe. Ubaya ni pale kitambaa cha polyester kinapouzwa kwa bei ya pamba. Kuna njia rahisi ya kujua: chomoa uzi mmoja na uuchome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Polyester inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kwa wanaonunua kwa picha za WhatsApp ao WeChat bila kusafiri, kuomba kipande cha kitambaa na kukifua mbele ya kulipa ni jambo la lazima. Rangi ya picha na rangi ya nguo si ndugu wa baba mmoja.

Njia na bei

Mzigo ukitoka China unachukua wiki kadhaa baharini mpaka Mombasa. Kutoka hapo unapita Malaba na Kampala, unaingia Kongo kwa Kasindi, halafu Beni na Butembo. Barabara ya Kasindi–Beni, kilometa 80, na ile ya Beni–Butembo, kilometa 54, ni sehemu ya mradi uliosainiwa na Kongo na Uganda. Lakini magari yamekwisha kushambuliwa mara nyingi upande huo na waasi wa ADF. Lubumbashi inapokea mizigo yake kupitia Dar es Salaam, Zambia na Kasumbalesa.

Kwa Goma na Bukavu, hali ni nzito zaidi. Tangu waasi wa AFC/M23 walipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, uwanja wa ndege wa Goma umefungwa na benki hazifanyi kazi kama zamani. Muuzaji asiyeweza kutuma pesa kwa benki analipia watu wa kati, na gharama hiyo inaonekana kwenye bei ya blauzi. Mnunuzi anayelalamika sokoni kwamba nguo imepanda mara nyingi analalamikia njia, si nguo.

Kazi ya mshonaji

Zamani Kongo ilikuwa na viwanda vyake. Wazee wanakumbuka Filtisaf ya Kalemie, Sotexki ya Kisangani na Utexafrica ya Kinshasa. Leo kampuni mama ya Utexafrica inajulikana zaidi kwa kupangisha nyumba na ofisi. Anayebaki akishindana na Guangzhou ni mshonaji mwenye mashini moja barazani.

Yeye ana kitu ambacho kontena haina: hana haja ya kubahatisha. Anashona kile mteja ameomba, kwa kipimo chake, na siku ya sherehe inajulikana. Patalo pana za mwaka huu zinamfaa, kwa sababu ni rahisi kushona kuliko zile za kubana, na kitambaa cha kikwembe kinazikubali. Libaya la kikwembe chenye rangi kali pamoja na patalo pana nyeupe linaweza kufuata mtindo wa Paris bila hata shati moja kutoka China.

Maonyesho yanayofuata ya Guangzhou yamepangwa kuanza tarehe 15 mwezi wa ine 2026, na sehemu ya nguo ni kuanzia tarehe 1 mpaka 5 mwezi wa tano. Mzigo utakaonunuliwa hapo unaweza kufika mbele ya masomo kuanza, njia ikiwa wazi. Kwa anayetaka kuuza Paska hii, wakati wa kuchagua rangi ni sasa.