Timu ya Kuazima: Notre Dame Katika Msimu wa 1943

Mtu anayesoma matokeo ya mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani ya mwaka 1943 bila kuzingatia habari za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, yamkini atashuku kwamba mpiga chapa alikosea. Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambacho mwaka uliotangulia kilihesabiwa miongoni mwa vyuo vitatu bora nchini humo, kilicharazwa na Notre Dame alama 50 kwa 0. Juma lililofuata, Illinois nayo ikalazwa 47 kwa 0. Matokeo hayo hayakuwa na kosa. Wanajeshi walikuwa wamewahamisha wachezaji.

Yafaa ieleweke mapema kwamba mchezo unaozungumziwa hapa si kandanda ijulikanayo Afrika Mashariki. Ni mpira wa Kimarekani, ambao licha ya kuitwa wa miguu huchezwa zaidi kwa mikono: mpira wenye umbo la yai hubebwa, hurushwa na kupokonywa kwa kukumbana miili. Nchini Marekani mchezo huu ulikuwa, na ungali, fahari kubwa ya vyuo vikuu.

Baada ya Bandari ya Pearl kushambuliwa tarehe 7 Desemba 1941, na hususan umri wa kuandikishwa jeshini uliposhushwa hadi miaka 18 mnamo Novemba 1942, vyuo vilianza kuwa vitupu. Vingine, kama vile Alabama na Tennessee, havikuunda timu kabisa mwaka 1943. Nusura ya vingine ilikuwa mpango wa jeshi la wanamaji ulioitwa V-12, ulioanza tarehe 1 Julai 1943 katika vyuo 131. Vijana walivalishwa sare, wakalipiwa karo, wakasoma huku wakifunzwa uafisa. Jeshi la wanamaji liliwaruhusu kuchezea chuo walikopelekwa. Jeshi la nchi kavu, lililokuwa na mpango wake, liliwakataza vijana wake kushiriki mashindano ya vyuo. Hivyo basi, ubora wa timu ulitegemea rangi ya sare iliyovaliwa chuoni kuliko ustadi wa mkufunzi.

Notre Dame, chuo cha Kikatoliki kilichoko Indiana, kilikuwa upande wenye neema. Mkufunzi wake, Frank Leahy, alipata hata Julius Rykovich, aliyeichezea Illinois mwaka 1942. Kijana huyo akajikuta akiwakabili wenzake wa jana. Creighton Miller, aliyeongoza nchi nzima kwa kukimbia na mpira, alikuwapo kwa sababu tofauti: jeshi lilikuwa limemwachilia kwa ajili ya afya yake.

Ila nguzo ya timu ilikuwa Angelo Bertelli, mrushaji hodari. Katika mechi sita alirusha mpira mara 36, mara 25 ukadakwa na wenzake. Mechi ya sita, dhidi ya chuo cha wanamaji, ilichezwa tarehe 30 Oktoba na kuisha kwa ushindi wa 33 kwa 6. Kisha kikosi cha Marine kikamwita. Msimu ulikuwa umebakisha mechi nne, tena ngumu.

Nafasi yake ilitwaliwa na Johnny Lujack, barobaro wa miaka 18. Juma hilohilo alitupwa mbele ya jeshi la nchi kavu katika uwanja wa Yankee, New York, naye akashinda 26 kwa 0. Northwestern ikafuata, 25 kwa 6. Shule ya marubani wa jeshi iliyokuwa Iowa ilishindwa kwa alama moja tu, 14 kwa 13. Hatimaye, tarehe 27 Novemba, kambi ya wanamaji ya Great Lakes iliyo karibu na Chicago ilishinda 19 kwa 14 kwa mpira mrefu uliorushwa ikiwa imesalia chini ya dakika moja. Kambi za kijeshi, ikumbukwe, zilikuwa na wachezaji waliokomaa, wengine wakiwa wamewahi kucheza kwa malipo.

Hata hivyo, wanahabari waliopiga kura waliitawaza Notre Dame bingwa, na shule ile ya marubani ikawa ya pili. Kura hiyo haikuwa ya dhuluma, kwani ratiba ya Notre Dame ilikuwa nzito kuliko ya wengi. Bertelli naye alipewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora, kwa mechi sita pekee. Ilipotangazwa alikuwa mafunzoni Parris Island. Baadaye alipigana Iwo Jima.

Mwaka 1944 Leahy na Lujack walikuwa jeshini pia, na jeshi la nchi kavu likailaza Notre Dame 59 kwa 0. Septemba 1946 Notre Dame ilizuru Illinois na kushinda 26 kwa 6. Lujack alikuwa amerejea chuoni kwake, na Rykovich, ambaye muda wake wa kuazimwa ulikuwa umekwisha, alikuwa tena katika jezi ya Illinois.