Wali, Dali na Swali la Chakula Chetu

Muhula uliopita, tulipokuwa tukijadili ukopaji wa maneno, mwanafunzi mmoja alisimama akatoa hoja iliyopigiwa makofi na wenzake. Alidai kuwa Kiswahili kimezidi kuombaomba, na ushahidi wake akautoa jikoni: chapati, pilau, biriani, bajia, kachumbari, achari, sambusa. "Mwalimu," akauliza, "tukiyaondoa maneno haya pamoja na vyakula vyenyewe, tutabaki na nini kilicho chetu?" Muda wa somo ulikuwa umekwisha, nami nikaondoka bila kumjibu. Namjibu leo, na jibu langu linaanzia Garsen.

Kwa wasomaji ambao hawajafika huko, Garsen ni mji mdogo katika Kaunti ya Tana River, penye njia panda: barabara itokayo Malindi huendelea hadi Lamu, na nyingine hupanda kaskazini kuelekea Hola na Garissa. Mto Tana, wenye urefu upatao kilomita 1,000, hupita hapo ukienda kumwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Kandokando ya mto Wapokomo hulima mpunga, ndizi, mahindi na maembe. Katika mbuga Waorma na Wawardei hulisha mifugo. Kwa mwanaisimu, hapo ni mahali pa neema. Kipokomo ni ndugu wa damu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Sabaki, ilhali Kiorma ni lugha ya Kikushi, jamaa wa Kioromo cha Ethiopia. Jamii hizi zimeishi bega kwa bega kwa miaka mingi, zikiuziana nafaka na maziwa. Zimewahi pia kumwagiana damu, na mapigano ya 2012 hayajasahaulika.

Agosti 2019 nilikwenda huko kukusanya msamiati wa kilimo nikiwa na msomi mwenzangu, mwanamke kutoka Kathmandu, Nepal. Tulikaribishwa na mama mmoja wa Kipokomo ambaye shamba lake lilikuwa hatua chache kutoka mtoni. Tulikula ugali, ndizi na samaki wa Tana, na mgeni wetu hakunung'unika hata mara moja. Siku ya sita, hata hivyo, nilimwona akiisukuma sahani taratibu. Mwenyeji wetu naye aliona. "Mwanangu," alimwuliza, "kwenu mnakula nini?"

Jibu lilikuwa fupi: dali na wali. Wanepali wengi hula wali na mchuzi wa dali mchana na jioni, pamoja na mboga na achari kidogo pembeni. Mama akatabasamu, akachukua kikapu, tukaelekea sokoni.

Adesi nyekundu alizozizoea mgeni hazikuwepo, lakini pojo zilikuwepo, zile ambazo watu wa bara huziita ndengu. Mchele ulikuwa wa pale pale deltani. Tulipata bizari ya manjano, bizari nyembamba, tangawizi, kitunguu thomu na dania. Samli tuliinunua kwa mama wa Kiorma aliyekaa chini ya mti na chupa zake. Kitu kimoja tu hakikuweza kupatikana Garsen, nacho mgeni alikuwa amekificha mkobani: kikaratasi chenye majani makavu ya jimbu, mmea wa jamii ya vitunguu uotao katika milima ya Himalaya. Msafiri aliye mbali na kwao hubeba harufu moja tu, nyingine huzitafuta njiani.

Alizichemsha pojo kwa bizari ya manjano na chumvi hadi zikapasuka na kulainika. Kisha akachemsha samli katika karai, akatupia bizari nyembamba, thomu na yale majani, na vilipoanza kulia na kubadilika rangi akavimimina vyote juu ya dali. Sufuria ikachachatika. Mama akapiga makofi: "Kumbe ni kuunga! Nilidhani utatuonyesha jambo la ajabu." Wanepali wana kitenzi chao cha tendo hilo hilo, jhannu. Lugha mbili zilizotenganishwa na bahari nzima zilikuwa na neno maalumu kwa hatua ile ile ya mapishi.

Wakati tukila, nilifungua daftari langu nikaanza kuuliza maswali ya kazi. Wali huu ukiwa bado shambani, mwauitaje? Mama akajibu kwa Kiswahili: mpunga. Ukishakobolewa? Mchele. Ukishaiva? Wali. Nikamgeukia mgeni. Akajibu: dhan, chamal, bhat. Maneno matatu kwa matatu, na mipaka ya maana iko pale pale! Mwingereza, ambaye lugha yake tunaistahi hadi kuidharau ya kwetu, ana neno moja tu kwa hatua zote tatu. Wala hili si jambo la kustaajabisha. Anayelima, anayetwanga na anayepika hawezi kuviita kwa jina moja vitu vitatu ambavyo kila kimoja kina jasho lake.

Tukaendelea. Achari? Kwa Kinepali ni achar. Dania? Dhaniya. Mama akacheka hadi machozi yakamtoka. "Huyu si mgeni," alisema, "huyu alipotea njia tu."

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu. Maneno haya hayakuangushwa na mbingu. Kabla ya reli na kabla ya ukoloni, pepo za kaskazi na kusi zilikuwa zikivusha majahazi baina ya pwani yetu na Bara Hindi. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, alikuta merikebu za Wahindi zimemtangulia. Baadaye, kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu. Wengi walirudi kwao, baadhi walifia njiani, na wengine walibaki. Wafanyabiashara nao wakafungua maduka hadi vijiji vya ndani. Watu hao walipika mbali na nyumbani kwa vitu walivyovipata, na jirani akaonja. Mnamo Julai 2017 serikali iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi hii. Jiko lilikuwa limewatambua zamani sana.

Lakini tusidhani kwamba Mhindi mwenyewe alitupa kitu kilichokuwa chake tangu kuumbwa kwa dunia. Pilipili kali, nyanya na viazi, ambavyo leo huwezi kuuwaza mchuzi wa Kihindi bila hivyo, ni mimea ya Marekani iliyovuka bahari baada ya safari za Wareno na Wahispania. Mgujarati hukiita kiazi bateta, jina lililomfikia kupitia kwa Mreno, nasi tukalipokea tena katika chana bateta ya Mombasa. Neno pilau lina asili ya Kiajemi. Ukimtafuta mwenye mali kwa kufuata nyayo hizi, utazunguka dunia na kurudi mikono mitupu.

Isitoshe, hatukupokea kama kasuku. Chapati ya nyumbani kwa Mhindi ni nyembamba na kwa kawaida husukumwa bila mafuta; yetu tunaikunja kwa mafuta tabaka kwa tabaka, ikafanana zaidi na kile wao wakiitacho paratha. Biriani yetu ya pwani huandaliwa mchuzi mbali na wali mbali, vikakutana sahanini. Sarufi nayo ilifanya kazi yake: bajia na sambusa zimetulia katika ngeli ya I-ZI, karai limeingia LI-YA na kuzaa makarai. Neno likishakubali kutawaliwa na ngeli zetu limekuwa raia. Kulifukuza baada ya hapo ni kujikata kidole.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Nakubaliana nao. Lakini mila haikuwa kamwe sanduku lililofungwa kwa kufuli. Chetu ni kile tulichokifanyia kazi kwa mikono yetu, tukakiunga, tukawapa watoto wetu. Kijana anayemwambia jirani "wewe si wa hapa" kwa kuwa babu yake alitoka mahali pengine anapaswa kwanza kuikagua sahani yake. Katika Tana River, ambako swali la nani ni wa hapa limewahi kuwafukia watu, somo hili si la anasa.

Mwezi wa Mei 2024, baada ya mto kufurika tena na kuzihamisha familia nyingi, nilimpigia simu yule mama. Alikuwa kwenye mahema, mahali palipoinuka. Safari hii mpishi aliye mbali na nyumbani alikuwa yeye, ingawa nyumba yake angeweza kuiona paa ikichungulia majini. "Mwalimu," aliniambia, "tumepewa mahindi na maharagwe, twashukuru. Lakini kuni zimelowa, na maharagwe haya yataka nusu siku jikoni. Hakuna aliyetuuliza." Hakuwa akichagua chakula kwa ulafi. Alikuwa akifanya hesabu ambayo aliyepakia lori hakuifanya: pojo huiva kwa sehemu ndogo tu ya kuni zinazohitajiwa na maharagwe makavu. Msaada hutolewa kwa kupima uzito wa magunia. Ungetolewa pia kwa kusikiliza lugha ya jiko. Kuuliza "kwenu mnakula nini?" hakugharimu shilingi hata moja, na mama huyu aliliuliza swali hilo mbele ya mgeni asiyemjua.

"Basi mmefanyaje?" nilimwuliza.

"Nimebadilishana na jirani yangu Muorma," akajibu. "Nimempa maharagwe, kanipa pojo na samli kidogo. Leo watoto watakula dali ya yule mwanangu."

Dali. Neno hilo hakuwa nalo tulipofika kwake mwaka 2019. Walimu wenzangu, badala ya kuwakaririsha wanafunzi orodha za maneno ya mkopo, wapeni daftari na muwatume jikoni kwa mama zao, wakaulize kila kitu kinaitwaje na kimetoka wapi. Nawe kijana wangu uliyeniuliza swali, ukirudi nyumbani likizo hii, anza wewe.