Kugandisha supu ya viazi

Kugandisha supu ya viazi ni njia ya kuhifadhi supu iliyopikwa nyumbani kwa kuipoza haraka na kuiweka katika friza yenye baridi ya -18 °C au zaidi, ili iliwe baada ya wiki au miezi kadhaa. Baridi hiyo husimamisha ukuaji wa bakteria, lakini wengi wao haiwaui. Kwa sababu hiyo usalama wa supu hutegemea zaidi saa chache kabla ya kuingia katika friza na saa chache baada ya kutolewa kuliko muda ambao inakaa humo.

## Supu yenyewe

Supu ya viazi hupikwa kwa viazi mviringo, vinavyoitwa pia viazi ulaya au mbatata, pamoja na maji au mchuzi wa nyama au kuku, vitunguu, karoti na viungo. Katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini mara nyingi huongezwa maziwa au krimu. Katika pwani ya Afrika Mashariki viazi hupikwa pia kwa tui la nazi.

Asili ya kiazi ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini. Siku hizi hulimwa kwa wingi katika nyanda za juu, kwa mfano Nyandarua, Meru na Nakuru nchini Kenya, na Mbeya, Njombe na Iringa nchini Tanzania.

## Kwa nini supu ya viazi huharibika

Supu ya viazi ina maji mengi, ina wanga, na haina uchali wa kutosha kuzuia bakteria. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2, na kihifadhiwe chini ya 5 °C au juu ya 60 °C. Kati ya viwango hivyo viwili bakteria huongezeka haraka.

Kuchemsha huua bakteria wanaokua, lakini baadhi ya aina hutengeneza spora, yaani mbegu ngumu zinazostahimili joto la maji yanayochemka. Supu inapopoa polepole, spora huamka na kuanza kukua upya. Aina tatu zinajulikana hasa:

* *Clostridium perfringens* hukua kwa kasi katika sufuria kubwa zinazopoa polepole. Husababisha maumivu ya tumbo na kuhara.
* *Bacillus cereus* hupatikana katika udongo na katika vyakula vya wanga. Sumu yake ya kutapisha haiharibiwi na kuchemsha.
* *Clostridium botulinum* hukua mahali pasipo na hewa. Husababisha botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli na unaoweza kuua kwa kuzuia kupumua.

Hapa ndipo penye udhaifu wa desturi ya kuchemsha kiporo usiku, kukifunika na kukiacha jikoni hadi asubuhi. Kuchemsha kunaondoa bakteria wanaokua, lakini spora zinabaki na saa za usiku zinatosha kwao kuongezeka. Kuchemsha tena asubuhi kunaweza kuua bakteria wenyewe, ila sumu ya *Bacillus cereus* inabaki katika chakula. Supu ya namna hiyo inaweza kuwa na harufu na ladha ya kawaida.

## Mifano ya ajali

Hatari ya viazi vilivyopikwa na kuhifadhiwa vibaya imeonekana mara kadhaa nchini Marekani. Mwaka 1994 watu 30 walipata botulizimu mjini El Paso, Texas. Viazi vilikuwa vimeokwa vikiwa vimefungwa katika karatasi ya alumini, vikaachwa siku kadhaa katika joto la chumba, kisha vikatumiwa kutengeneza kitoweleo katika mkahawa. Karatasi ile ilizuia hewa, na spora zilizosalimika katika joto la kuoka zikapata mahali pa kukua.

Mwaka 2015 watu 29 waliugua botulizimu baada ya mlo wa pamoja mjini Lancaster, Ohio, na mmoja wao alifariki. Chanzo kilikuwa saladi ya viazi vilivyohifadhiwa nyumbani katika chupa zilizochemshwa kwa maji tu, bila mtungi wa shinikizo. Joto la maji yanayochemka halitoshi kuua spora za *Clostridium botulinum*. Tena supu nzito yenye maziwa au wanga mwingi hupitisha joto polepole, kwa hiyo haifai kufungwa katika chupa nyumbani. Kwa supu ya aina hiyo, kugandisha ni njia salama zaidi.

## Kupoza kabla ya kugandisha

Supu nzito hupoa taratibu kwa sababu joto la katikati hupita polepole kufika ukingoni. Sufuria ya lita kadhaa iliyofunikwa inaweza kubaki na uvuguvugu katikati kwa saa nyingi, hata kama ukiigusa kwa nje imepoa.

Kanuni za Marekani kwa biashara za chakula hutaka chakula cha moto kishuke kutoka 57 °C hadi 21 °C ndani ya saa 2, kisha hadi 5 °C ndani ya saa 4 zinazofuata. Nyumbani lengo hilo hufikiwa kwa njia rahisi:

* kugawa supu katika vyombo vipana, kina chake kisizidi sentimita 5;
* kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi au yenye barafu, na kubadilisha maji yanapopata moto;
* kukoroga mara kwa mara kwa mwiko safi ili joto la katikati litoke.

Sufuria kubwa ya moto haifai kuingizwa moja kwa moja katika friji au friza. Huchelewa kupoa, na joto lake hupasha vyakula vingine vilivyomo.

## Kufungasha

Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Kwa hiyo chombo hakijazwi hadi juu, bali huachwa nafasi ya sentimita 2 hadi 3. Chupa ya kioo ya kawaida inaweza kupasuka. Vinafaa zaidi vyombo vya plastiki vyenye mifuniko inayobana au mifuko minene iliyotengenezwa kwa ajili ya friza. Mfuko ukilazwa bapa, supu huganda haraka na baadaye huyeyuka haraka.

Ni vema kufungasha kiasi cha mlo mmoja katika kila chombo, ili kisiyeyushwe kingi kuliko kinacholiwa. Tarehe huandikwa juu ya chombo. Hewa ikiingia, uso wa supu hukauka na kupata mabaka meupe au ya kijivu. Mabaka hayo hupunguza ladha lakini si sumu.

## Muda wa kuhifadhi

Katika friji ya 4 °C supu iliyopikwa hudumu siku 3 hadi 4. Katika friza yenye -18 °C bila kukatika, bakteria hawakui hata kidogo. Hata hivyo ladha na umbile hushuka, hivyo hushauriwa iliwe ndani ya miezi 2 hadi 3. Kisehemu cha barafu ndani ya friji ndogo ya mlango mmoja mara nyingi hakifikii -18 °C, na hakifai kwa kuhifadhi chakula muda mrefu. Kipimajoto kidogo cha friza huonyesha hali halisi.

## Mabadiliko ya umbile

Malalamiko makuu kuhusu supu ya viazi iliyogandishwa ni kwamba vipande vya viazi huwa kama sponji na supu hutengana na maji. Sababu ni tatu. Fuwele za barafu hupasua kuta za seli za kiazi. Wanga uliopikwa hujikaza unapopoa na kuyaachia maji yake. Maziwa, krimu na tui hugawanyika, mafuta yakijitenga na maji.

Njia za kupunguza kasoro hizo ni kuponda viazi kabla ya kugandisha, kutumia viazi visivyovurugika haraka, na kuacha maziwa au tui hadi wakati wa kupasha moto.

Kasi ya kuganda nayo ina uzito. Supu ikiganda polepole, fuwele huwa kubwa na huharibu zaidi. Mmarekani Clarence Birdseye (1886–1956) aliona huko Labrador, Kanada, kwamba samaki aliyeganda haraka katika baridi kali alibaki na ubora mzuri akiyeyushwa. Katika miaka ya 1920 alibuni mashine za kugandisha chakula kwa haraka. Watu wa Andes walikuwa wametumia baridi kwa namna nyingine tangu zamani: viazi viliachwa kwenye baridi kali ya usiku, vikakanyagwa ili maji yatoke, kisha vikakaushwa juani. Chakula hicho huitwa *chuño*.

## Kuyeyusha na kupasha moto

Supu huyeyushwa ndani ya friji kwa usiku mmoja au zaidi, kwa kuweka chombo kilichofungwa katika maji baridi, au katika maikrowevu. Inaweza pia kutiwa ikiwa bado imeganda katika sufuria yenye maji kidogo, juu ya moto mdogo. Kuiacha mezani kutwa nzima ni hatari, kwa sababu ukingo wake huyeyuka na kupata joto huku katikati kungali barafu.

Supu hupashwa hadi sehemu zote zifikie angalau 74 °C. Bila kipimajoto, huchemshwa mpaka itokote, huku ikikorogwa. Iliyoyeyushwa katika friji na kubaki baridi inaweza kugandishwa tena, ingawa ubora hupungua. Iliyoyeyukia mezani haigandishwi tena.

## Umeme unapokatika

Friza iliyojaa huhifadhi baridi kwa takriban saa 48 ikiwa mlango haufunguliwi, na iliyojaa nusu kwa takriban saa 24. Supu ambayo bado ina barafu ndani, au iliyo na baridi ya 4 °C au chini, inaweza kugandishwa tena. Iliyokaa juu ya kiwango hicho kwa zaidi ya saa 2 hutupwa, bila kuonjwa.

Mtu aliyekuwa safarini anaweza kujua kilichotokea kwa kuacha ndani ya friza kikombe cha maji yaliyoganda, na sarafu juu ya barafu. Akirudi akaikuta sarafu imezama, atajua kwamba barafu iliyeyuka kisha ikaganda upya, na supu iliyokuwa humo haifai kuliwa.