JE, ALIYEFANYA KAZI NYINGINE AWEZA KUWA MWALIMU?

Wahenga walisema elimu haina mwisho. Nami naongeza kuwa hata ualimu haungoji ujana.

Mpenzi msomaji, sisi wa kidato cha tatu twajua tulivyokaa muhula mzima bila mwalimu wa kemia. Wakati huo huo jirani yetu mmoja, aliyepima dawa kiwandani kwa miaka kumi na miwili, alikuwa nyumbani baada ya kupunguzwa kazini. Ana digrii ya sayansi, masomo ya kemia na hisabati. Wengi waliuliza, "Si aje tu atufundishe?"

Haiwezekani hivyo. Sheria ya mwaka wa 2012 yakataza mtu kufundisha kabla ya kusajiliwa na Tume ya Huduma ya Walimu, yaani TSC. Lakini mlango haukufungwa. Mwenye digrii isiyo ya ualimu husomea stashahada ya uzamili ya elimu, kwa kawaida mwaka mmoja. Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Kenyatta ni miongoni mwa vinavyoitoa. Huko hujifunza jinsi mwanafunzi anavyofikiri, kuandaa somo na kutahini, kisha hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha.

Aidha, TSC hutazama cheti cha kidato cha nne: C+ kwa jumla, na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Pia hutaka cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi.

Huko Marekani, jimbo la New Jersey lilianzisha njia nyingine mwaka wa 1985. Mwenye digrii huajiriwa, akafundisha huku akisomea ualimu na kuongozwa na mwalimu mkongwe. Hivyo mshahara haukatiki. Hapa kwetu jirani yangu atalipa karo ilhali hana kazi. Hapo ndipo wengi hukwama.

Kuna wanaosema eti ajuaye kemia hahitaji mafunzo yoyote. Mimi sikubali. Kujua ni jambo moja, kumfanya mwenzio aelewe ni jingine. Mwaka huo usifutwe, ila watu kama hao wapewe basari kama sisi.

Nanyi wenzangu, hata kama wataka kuwa rubani au mhasibu, usidharau zile C+ mbili. Huenda siku moja zikakufungulia mlango. Akiba haiozi!