Albastini ya watu wawili: angalia sana hiyo saba

Wadau, iwe Mwanjelwa hapa Mbeya au Miyomboni kule Iringa, ukikaribishwa albastini na wewe umezoea last card tu, utaliwa mchana kweupe. Iko hivi. Toa 8, 9 na 10. Kila mtu karata tatu, inayofuata inafunuliwa, hiyo ndo turufu, inalazwa chini ya rundo. Mmoja anatupa, mwenzie anajibu. Kubwa ya aina ileile inakula, ila turufu, hata kama ni 3, inakula A isiyo turufu. Halafu kila mtu anaokota moja, aliyekula anaanza.

Sasa pointi: A 11, 7 inafuata na 10 (ndiyo, inamzidi K!), K 4, J 3, Q 2, zingine bure. Jumla 120, ukifika 61 umeshinda. Wageni wengi wanatupa 7 mapema wakidhani ndogo, jamaa anaila kwa A, pointi 21 zishaenda. Tunza turufu ndogondogo kwa ajili ya kuvizia hizo.

Na kama mnaweka hela, mimi sishauri, kubalianeni kabla. Vijiwe vingine rundo likiisha lazima ufuate aina iliyotupwa, vingine unajibu unavyotaka. Ugomvi mwingi unaanzia hapo, tena hela ishawekwa mezani.