Hodi ya Simu: Adabu za Kupokea Kazi Nyumbani

Katika kumi la mwisho la Ramadhani, simu ya mwanamke mwenye kupaka hina hailali. Huanza kulia baada ya tarawehe ikaendelea mpaka wakati wa daku, na kila mpigaji ataka jambo moja: apate nafasi kabla ya sala ya Idi. Kazi hii, kama ilivyo ya mapishi ya oda au ya kushona mabuibui, kwa wengi wa dada zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu haina duka wala kibao. Iko sebuleni, nyuma ya pazia. Mteja hauoni mlango wake. Asikia sauti tu. Basi atakavyojibiwa ndivyo atakavyoipima kazi nzima, hata kabla koni ya hina haijatobolewa.

Nyumbani kwetu hina yapakwa tangu enzi za mama, na somo la simu tulilipata kwa aibu. Mwaka mmoja bibi mmoja alitupigia, sauti yake ya upole, akasema kwamba mjukuu wake aolewa na atakiwa kupakwa hina usiku wa Ijumaa, baada ya Magharibi. Aliyepokea simu ni binti yetu, wakati huo ana miaka kumi na miwili. Sisi tulikuwa jikoni. Binti akatuletea habari: "Ijumaa usiku." Tukaandika Ijumaa. Hatukumpigia bibi yule kuhakikisha, wala hatukuuliza kupamba kwenyewe kutakuwa siku gani.

Alhamisi, tukiwa Likoni kwa bibi harusi mwingine, simu ikalia.

"Mwanangu, mko wapi? Twawangoja tangu Magharibi."

"Bibi, si mlisema Ijumaa?"

"Na usiku huu ni wa siku gani?"

Msomaji mwenye wazee nyumbani ameshaelewa. Kwa hesabu ya wazee wetu, ambayo ndiyo hesabu ya kalenda ya Kiislamu, siku huanza jua linapotua. Alhamisi ikishatua jua, usiku uingiao ni wa Ijumaa. Bibi alisema sawasawa. Sisi ndio tuliosikia kwa masikio ya shule. Lakini badala ya kuomba radhi, tukabishana naye. Tulisema tena na tena kwamba tumeandikiwa Ijumaa, kana kwamba daftari letu ndilo linaloolewa.

Tulipovuka feri na kufika kwao, ilikuwa yakaribia saa tano. Bibi harusi amekwisha kusinzia akiwa amekaa. Hina, kama wajuavyo waipakao, haiharakishwi: hutaka kukaa mkononi saa nyingi, na hata ikishabanduliwa huendelea kukoza rangi kwa siku moja au mbili. Ile tuliyoipaka usiku ule ilibanduliwa mapema asubuhi kwa sababu ya shughuli, na jioni yake, wageni walipokuja kupamba, ilikuwa bado rangi ya machungwa. Walitulipa zote, hawakupunguza hata shilingi. Hawakutupigia tena. Tungependelea wangetugombeza.

Tangu siku hiyo kazi haingii daftarini kabla hatujamrudishia mteja maneno yake. Twamwambia: "Yaani ni Alhamisi hii, tarehe kadha, jua likishatua, na kupamba ni Ijumaa. Ndivyo?" Ukiuliza siku ya hina pamoja na siku ya shughuli yenyewe, kosa hujitokeza lenyewe, kwani tarehe mbili hazikosei kwa pamoja kwa urahisi. Saa nazo zina mtego wake. Msichana akikuandikia "nitakuja saa 8", huenda akusudia saa nane ya mchana, na huenda amesoma kioo cha simu yake akakusudia saa mbili ya asubuhi. Muulize kama ni kabla ya Adhuhuri au baada yake. Sala haina hesabu mbili.

Ama simu ya kazi kupokewa na mtoto, rai yetu ni kwamba isiwe. Mtoto apokea vizuri, atoa salamu vizuri, kisha asahau nusu. Ikiwa mikono yako ina hina na hakuna mtu mzima karibu, iache ilie. Mteja uliyemshika mkono ana haki zaidi ya yule anayepiga. Amekwisha kufika, na ua lililoanzwa halingoji. Ukimaliza, piga wewe, na useme mapema ni nani: salamu, jina, kazi. "Assalaam alaykum, masalkheri. Ni Mama fulani wa hina, uliniita nikiwa na kazi mkononi." Kauli ya "nani wewe?" kwa nambari usiyoijua imewafukuza wateja wengi kuliko bei.

Tunapofikiri juu ya jambo hili hatuoni kwamba adabu ya simu ni kitu kigeni kilicholetwa na wenye maofisi. Sura ya An-Nur, katika aya ya 27 na ya 28, yatufundisha kutoingia nyumba za watu mpaka tutake idhini na kutoa salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Sunna imetufundisha kuwa hodi ni mara tatu. Sura hiyo hiyo, katika aya ya 58, yataja nyakati tatu za faragha: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa joto la mchana watu wavuapo nguo zao, na baada ya sala ya Isha. Simu huingia mpaka chumbani bila kupita ukumbini. Basi sisi wenye kazi tusimpigie mteja saa hizo, hata kama twamdai. Na mteja aliyepiga mara tatu asipojibiwa, aache ujumbe, angoje. Mwambie wateja wako tangu mwanzo saa zako za kupokea simu. Hawatachukia. Wengi hupiga usiku kwa sababu hawakuambiwa.

Kuhusu fedha hatutarefusha. Taja bei yote kwenye simu, pamoja na nauli, na usiigeuze ukishafika; mwenye harusi hatabishana mbele ya wageni, lakini atakumbuka. Chukua arubuni. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 hakuna udhuru wa kutoacha alama ya malipo, ila utazame ujumbe uliofika kwenye simu yako mwenyewe, si ule unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Mwandikie mteja kwa maneno machache: siku, saa, mahali, arubuni na baki. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Al-Baqara, yahusu kuandika madeni.

Liko swali moja ambalo halina budi kuulizwa kwenye simu na si mlangoni: "Umewahi kuwashwa au kuvimba kwa piko au kwa rangi ya nywele?" Baadhi ya piko huchanganywa na kemikali ya rangi ya nywele iitwayo PPD, nayo huwatoa watu wengine malengelenge yanayoweza kuacha alama. Bibi harusi akijibu ndiyo, apakwe hina tupu.

Na mteja akipiga kulalamika? Mwache amalize. Usimkate, usimtaje mtoto aliyepokea simu, usimwambie kwamba wateja wengine wameridhika. Usiku ule tulikuwa na neno moja tu la kumwambia bibi yule: "Tuwie radhi, kosa ni letu, twaja sasa hivi." Lingechukua muda mfupi kuliko ubishi wetu, na pengine tungeliwahi feri iliyotangulia.

Simu ya kazi pia ni sanduku la siri za watu. Humo mna nambari za mabanati, tarehe za harusi ambazo hazijatangazwa, na picha za mikono na miguu ambayo mwenyewe haionyeshi njiani. Tusizungumze na mteja kwa spika wazi mbele ya wageni. Picha isiwekwe kwenye stetasi ya WhatsApp mpaka mwenyewe aridhie kwa kauli yake, na kunyamaza si kuridhia. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo imeziweka taarifa za mtu chini ya ulinzi, lakini nyumba ya heshima haingoji sheria katika hili.

Idi ndiyo inayokaribia, na Idi haina tarehe mpaka mwezi uandame. Mwaka huu twawaambia wateja wetu wote maneno yale yale, kwa simu na kwa maandishi: mwezi ukionekana, njooni usiku huo huo baada ya Isha, kwa zamu tuliyowapa, usipoonekana, zamu ni ile ile, kesho yake. Na atakayepokea simu usiku huo ni dada yetu mkubwa, ambaye hapaki hina, na ambaye daftari limeshafungwa kalamu kwa uzi.