Ubao mnene haukupi ruhusa ya mashine kubwa

Swali halibadiliki, zinabadilika tarakimu tu: boti ya faiba ya futi 16 ina mashine ya farasi 60, fundi ameshaongeza plaiwudi na faiba kwenye ubao wa tezi, je, sasa inaweza kubeba ya 115? Haiwezi. Ubao huo hata ukiwa mnene kuliko mlango wa Zanzibar, jibu ni hilo hilo. Imani hii inadumu kwa kuwa ina chembe ya ukweli: ubao mbovu hupasuka na mashine ikazama. Ila boti iliyozidishiwa nguvu inaweza kupinduka ikiwa nzima kabisa, ubao umeshika na hakuna bolti iliyolegea. Tazama kanuni za Marekani za boti za mashine ya nje zisizofika futi 20. Wanazidisha urefu wa boti kwa upana wa tezi, vyote kwa futi. Futi 16 kwa 5 ni 80. Boti ikiwa na usukani wa gurudumu na ubao wa tezi wenye kimo cha inchi 20, unazidisha 80 kwa 2, unatoa 90, unapata farasi 70. Boti hiyo hiyo ikiongozwa kwa mkono wa mashine, kikomo kinashuka hadi 40. Na kama chini ni bapa yenye kona kali, 25. Unene wa ubao haumo popote katika hesabu hiyo. Kilichoondoa farasi 30 ni namna nahodha anavyoishika boti.

Na kasi yenyewe si ile unayoiota. Kwa makadirio ya kawaida ya boti zinazoteleza juu ya maji, kasi hufuata kipeuo cha pili cha nguvu ikigawanywa kwa uzito. Boti ya kilo 680 pamoja na watu wake, ikiwa inakwenda kilomita 48 kwa saa kwa farasi 60, itafika kama 64 kwa farasi 115, ukihesabu na kilo kama 60 za ziada za mashine kubwa. Umekaribia kuongeza nguvu maradufu, ukapata nyongeza ya theluthi moja tu ya kasi. Ila kishindo cha kugonga gogo kimekuwa karibu mara mbili. Kwenye mwendo huo boti yenye mkuku wa V inabaki imekalia kipande kidogo cha chini karibu na tezi, inaanza kulala kulia, kushoto, kulia, na nahodha akichelewa kidogo kurekebisha anauzidisha myumbo. Wapo wanaosema watafunga kubwa lakini hawataikanyaga yote. Kilo hizo 60 za ziada zinakaa tezi hata mashine ikiwa imezimwa, na ukikata mafuta ghafla, wimbi lako mwenyewe linakufikia na kuingia kwa nyuma. Mifuko ya mchanga omo? Omo ikizama, inauma maji kwenye kona na boti inazunguka. Boti za mashindano nazo si hoja: zile zimeundwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo.

Ukitaka kasi kihalali, anza na chini ya boti: kwangua chaza na mwani. Toa mizigo. Tafuta propela inayoiruhusu mashine ifike mizunguko iliyoandikwa na kiwanda, rekebisha kimo na mwinamo wa mashine, basi. Haitoshi? Uza, nunua boti nyingine. Kuhusu kikomo cha kasi, hakuna namba moja ya bahari zote: ni ile inayokuwezesha kusimama au kukwepa ndani ya unachokiona, nayo hushuka wimbi likipanda.

Tena fungeni kamba ya kuzimia mashine. Mei 2013 huko Padstow, Uingereza, familia ilirushwa majini, boti ikaendelea kuzunguka na kuwarudia. Wawili walikufa, wengine wawili wakajeruhiwa vibaya. Kamba haikuwa imefungwa kwa dereva. Marekani imeifanya lazima tangu Aprili 2021 kwa boti zisizofika futi 26 zinapokwenda kasi. Iko ndani ya boksi la mashine uliyonunua. Ivae kabla hujawasha.